Kinachomtoa Mzee Nyumbani



Katika muongo wa 1990 alifika Ilford, mji unaopakana na huu wetu wa Barking, mashariki ya London, kwa upande wa kaskazini, mzee mmoja wa Kipanjabi, mkulima maisha yake yote, asiyejua kusoma wala kuandika wala kusema Kiingereza, ambaye kwa mujibu wa hati yake ya kusafiria alizaliwa tarehe 1 Aprili 1911 katika kijiji cha Beas Pind, karibu na Jalandhar. Jina lake Fauja Singh. Alikuwa amefiwa na mkewe, kisha mwaka 1994 akafiwa na mwanawe, na huzuni ile ilimlemea hata ikawa hakuna la kufanya ila kuja kukaa kwa mwana mwingine aliyekuwa huku Uingereza. Lau mambo yake yangekwenda kama yaendavyo aghalabu mambo ya wazee wanaoletwa ugenini na watoto wao, angeketi kitini mbele ya televisheni, akafunikwa blanketi na kuletewa chai, mpaka siku yake ifike. Walakini yeye alianza kutembea, kisha akaanza kukimbia, akapata mwalimu, Harmander Singh, na wenzi wa kufanya nao mazoezi. Na mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 89, akamaliza mbio za marathoni za London kwa muda wa saa 6 na dakika 54. Oktoba 2011 alimaliza mbio kama hizo katika mji wa Toronto, naye ametimiza miaka 100. Watunza rekodi wa Guinness hawakumwandika katika daftari lao kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa, jambo ambalo msikilizaji wa Lamu au wa Pemba, ambaye babu yake alizaliwa mwaka wa njaa au mwaka wa tufani, hatalistaajabia. Mwaka 2012 aliubeba mwenge wa Olimpiki. Mwaka 2013 aliacha mashindano baada ya kukimbia kilomita 10 huko Hong Kong. Lakini hakuacha kutembea, hata Julai 2025 alipogongwa na gari barabarani kijijini kwake kule Beas Pind, akafariki akiwa na miaka 114.

Simtaji mzee huyu kwa ajili ya ajabu ya mbio zake, maana si kila shaibu aliyeumbiwa kukimbia maili 26, wala si dhamira yangu kuwatia haya wale ambao safari ya kutoka chumbani hadi jikoni ni jihadi tosha. Namtaja kwa ajili ya kile kilichomtoa nyumbani. Hakutolewa na waraka wa siha uliobandikwa ukutani pa hospitali, wala hakutolewa na hofu ya presha na sukari. Alitolewa na msiba, na alipokwisha kutoka, akawekwa njiani na watu: mwalimu aliyemngoja, wenzi waliojua saa yake ya kufika, jamaa wa dini yake waliomwonea fahari, na watoto wachanga waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia, ambao mbio zake ziliwachangishia fedha. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba maili za mwisho, ambazo ndizo chungu kuliko zote, alizikimbia akizungumza na Mungu.

Rai yangu ninayotaka kuiweka mbele yenu usiku huu ni kwamba mzee haondoki kitini kwa kuyaogopa maradhi. Huondoka kwa sababu iko shughuli isiyotimia bila yeye, na wako watu ambao, asipofika, watauliza: fulani yuko wapi?

Sidharau ilimu ya matabibu. Na kwa kweli ilimu hii ina nasaba na mji wa London wenyewe. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walitangaza katika jarida la Lancet matokeo ya kuwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili ya London, ambao walikuwa wa namna mbili katika basi moja, wenye asili moja na mshahara usiopishana sana: dereva aliyekaa kutwa nzima, na kondakta aliyepanda na kushuka ngazi mamia kwa mamia kila siku akikata tikiti. Ikadhihirika kwamba makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioupata ugonjwa huo waliupata wakiwa na umri mkubwa zaidi na kwa wepesi zaidi. Morris aliyafuata aliyoyagundua, na alipofariki mwaka 2009 alikuwa amebakiza miezi michache kutimiza miaka 100. Utafiti wa Boston uliotangazwa mwaka 1990 uliwachukua wazee 10 dhaifu wa umri wa miaka 90 hivi, wakaaji wa nyumba ya kutunzia wazee, wakanyanyuzwa vyuma kwa miguu muda wa majuma 8, na nguvu za miguu yao zikazidi maradufu. Mwaka 2014 tena, Wamarekani walitoa matokeo ya kuwafuatia watu 1,635 wa umri wa miaka 70 hadi 89, wakaona kwamba waliofanyizwa mazoezi ya kutembea na ya nguvu walidumu na uwezo wa kwenda kwa miguu kuliko wale waliopewa zaidi mafunzo ya afya. Nao waganga wakuu wa Uingereza, katika maagizo yao ya mwaka 2019, wanamtaka mtu aliyepita miaka 65 apate dakika 150 za mwendo wa kumpandisha pumzi kila juma, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara asianguke.

Haya yote ni haki. Lakini nani asiyeyajua? Hapa Barking sijapata kumwona mzee ambaye hakuambiwa na daktari, na bintiye, na jirani, na karatasi zinazotupwa mlangoni, kwamba kutembea ni kuzuri. Ameambiwa, amekubali, ameitikia kwa kichwa, na bado ameketi. Bibi Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyetumia maisha yake kuuchunguza moyo wa mwanadamu uzeeni, ameeleza kwamba kadiri mtu anavyoona muda uliobaki mbele yake ni mfupi, ndivyo anavyoacha kuitafuta faida ya siku za mbali, akachagua lenye maana moyoni mwake leo, na watu walio karibu naye. Basi ukimjia mzee wa miaka 78 ukamwambia ajitaabishe asubuhi ya baridi ili apate siha miaka 10 ijayo, umemwahidi malipo katika siku ambazo yeye mwenyewe hazihesabu kuwa zake. Mwambie kwamba kuna maiti ya kusindikizwa baada ya swala ya adhuhuri, naye huyo ataulizia koti lake.

Katika miji yetu ya pwani mambo haya hayakuhitaji kufikiriwa. Nani katika Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari na mizigo huchukuliwa na punda, amewahi kusema kwamba anakwenda kufanya mazoezi? Mzee huamka alfajiri akaenda msikitini kwa miguu yake, akarudi kwa njia ya baraza ya jirani apate habari za usiku, akashuka sokoni kuchagua samaki, kwa kuwa haamini macho ya kijana katika samaki, akampitia mgonjwa, akahudhuria nikahi ya mjukuu wa rafiki yake, na magharibi ikamkuta keshazunguka mji mara mbili pasina kujua. Mwendo wake ulikuwa umefungamana na wajibu wake. Na wajibu ule ulikuwa na mashahidi, maana nafasi yake katika safu ya swala ikiwa tupu siku mbili, siku ya tatu hodi itapigwa.

Sasa mchukue mzee huyo huyo umlete Barking. Mji huu si mgeni wa watu wa kuja: tangu karne ya 7 palikuwa na nyumba ya watawa iliyostawi mpaka ilipovunjwa mwaka 1539, na magofu yake yangalipo karibu na mto Roding, katika karne ya 19 palikuwa na kundi kubwa la mashua za uvuvi, hata mwambao wetu ungeona haya, mwaka 1921 Baraza la Kaunti ya London lilianza kujenga hapa na Dagenham mtaa wa Becontree, uliokuwa mkubwa kuliko mitaa yote ya nyumba za umma wakati ule, na mwaka 1931 kampuni ya Ford ilifungua kiwanda chake cha magari huko Dagenham, kikavuta maelfu ya wafanyakazi. Siku hizi katika soko la East Street si muhali kukisikia Kiswahili cha Mombasa, na cha Unguja, na cha Bukavu, na hata lugha ya Wabarawa waliotawanywa na vita vya Somalia vya mwaka 1991. Lakini mzee wetu yuko fleti ya ghorofa ya saba. Lifti ikiharibika, hatoki. Isipoharibika, hana pa kwenda. Samaki analetwa na mkwe katika mfuko wa plastiki, naye hakuulizwa ni samaki gani. Misiba husomwa kwenye simu. Jirani wa mlango wa pili hamjui jina.

Na hapa sina budi kunena jambo ambalo litawachoma baadhi ya wasikilizaji, nami nalinena kwa mapenzi. Wanaowafunga wazee wetu miguu, aghalabu, ni sisi watoto wao, na kamba tunayowafungia ni heshima. Mama akiinuka kwenda kuosha kikombe, binti humrukia: Mama, tulia, nitaosha mimi. Baba akitaka kwenda dukani, kijana husema: Baba, pumzika, niandikie unachotaka. Tumelelewa hivyo, kwamba mkubwa hatumwi, nayo ni ada njema. Lakini ada ile iliwekwa katika miji ambamo mzee aliyepumzishwa kazi ya kuchota maji alikuwa na mambo arubaini mengine ya kumtoa nje. Huku tumemwondolea kikombe na duka, wala hatukumrudishia chochote badala yake. Tumemketisha kwa taadhima, na baada ya miaka miwili magoti yamekauka, hofu ya kuanguka imeingia, na sisi tunasema: uzee umemfika.

Yako mambo, hata hivyo, ambayo hayajaondolewa na ughaibu, na mtu anayetaka kumfahamu mzee wa kwetu na ayatazame haya kabla ya kumsomea takwimu. La kwanza ni kusujudu. Swala za faradhi kwa siku zina rakaa 17, na kila rakaa ina sujudi 2, kwa hivyo Mwislamu hushuka hadi ardhini na kuinuka mara 34 kabla ya kuhesabu sunna. Dini imemruhusu mwenye udhuru kuswali kitini, wala hapungukiwi thawabu; lakini muulize mzee aliyehamia kitini atakwambia nini kilichomuuma siku ile. Nimewaona watu ambao hawakubali kuinua uzito wowote kwa ajili ya moyo wao wala mifupa yao, wakafanya kwa subira mazoezi ya kukaa na kuinuka waliyofundishwa na mnyooshaji wa viungo, walipoambiwa tu kwamba huenda wakaweza tena kuweka paji la uso chini. Na safari ya Hija hufanya vivyo hivyo kwa nguvu zaidi, kwa kuwa anayejua kwamba atazunguka Al-Kaaba mara 7, kisha atakwenda baina ya Safa na Marwa mara 7, mwendo huu wa pili peke yake ukipita kilomita 3, huanza kutembea Barking miezi mingi kabla ya kuondoka, mvua isimzuie. Huyu ana siku iliyowekwa, ana mahali, na ana Mwenye kumngoja.

Akina mama wa Kikongo nao wana lao, nalo ni la kuonewa wivu. Katika makanisa yao, wakati wa nyimbo za sifa ukifika, ajuza wa miaka 70 aliyeingia akiegemea bakora huiweka bakora ile juu ya kiti, akasimama, akacheza kwa muda ambao hakuna daktari angethubutu kumwagiza. Hata bibi zetu wa pwani, waliokulia katika lelemama na vugo za harusi, wanajua kwamba mwili wa mtu mzima una raha zake. Ila wanataka sitara. Bibi wa buibui hatafanya mazoezi katika ukumbi wenye vioo, mbele ya vijana wa kiume. Mpe ukumbi uliofungwa, mwanamke mwenziwe wa kuongoza, na saa ya kuogelea ya wanawake peke yao isiyokatizwa, utamwona kila juma. Wengi wanaosema wanawake wetu wa makamo hawapendi mazoezi hawakujisumbua kuuliza mlango ulikuwa na pazia au hauna.

Waingereza wenyewe hawakuachwa nyuma katika hili, ijapokuwa wanalitafuta kwa njia nyingine. Wengi hutolewa na mbwa, ambaye hangojei hali ya hewa. Wengine walipoteza zaidi ya mshahara kiwanda cha Ford kilipoacha kuunda magari mazima mwaka 2002, maana walipoteza lango la kupita kila asubuhi na watu wa kuwaamkia. Na baadhi yao ukiwatafuta utawakuta katika vishamba vya kukodi vya halmashauri, wakilima viazi na maharage, na wakizungumza kuliko wanavyolima. Na kila Jumamosi saa tatu asubuhi, katika Barking Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 1898, hukusanyika watu kwenda kilomita 5 bila malipo, kwa mpango ulioanzishwa na Paul Sinton-Hewitt huko Bushy Park mwaka 2004 na watu 13 tu, na ambao sasa umeenea nchi nyingi. Wengi hukimbia, wengine hutembea. Na waliobuni mpango huu wamefanya jambo moja la hekima kubwa, nalo ni kumweka mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kwenda nyuma ya wote, ili mzee aliye mwisho asiwe mwisho. Wazee wengine hawaendi hata hatua moja ya zile kilomita. Wao husimama njiani kupiga makofi au kuandika wanaofika, na kwa kazi hiyo wametoka kitandani, wamevaa, wametembea hadi bustanini, wamesimama saa nzima, na wamerudi. Nao pia wamekwisha kufanya mazoezi yao.

Liko jambo jingine ambalo juu juu laonekana kinyume. Tangu mwaka 1973 wazee wa London wamepewa haki ya kupanda mabasi bure, na wako waliosema kwamba mtu akipewa basi bure ataacha kutembea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, kwa kuzitazama safari za watu wa Uingereza, ulionyesha kwamba wenye pasi hizo hutembea zaidi kuliko wasio nazo. Sababu yake haihitaji darubini: basi humpa mzee mahali pa kwenda, na kila mwenye pa kwenda hutembea hadi kituoni, akatembea kutoka kituoni, akatembea huko alikokwenda. Maadui wa mwendo wa mzee ni kukosa pa kwenda, na njia isiyomstahi. Nazungumzia bao la kukalia ambalo halipo kati ya kituo cha reli na soko. Choo kilichofungwa, ambacho humfanya mtu mzima mwenye muruwa achague kubaki ndani kuliko kuaibika. Taa ya barabara inayombadilikia kabla hajafika ng'ambo. Ukimwona mzee hatoki, kabla hujamwita mvivu, shika njia yake uende kwa mwendo wake.

Na majira ya baridi huku ndiyo mtihani wenyewe. Katika mwezi wa Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, na swala ya adhuhuri, alasiri na magharibi hukaribiana hata zote tatu huingia katika muda wa saa nne hivi, kiasi kwamba mzee anayekwenda msikitini kwa ya kwanza anaweza kukaa na wenziwe mpaka amalize ya tatu. Hiyo ni rehema kwa walio karibu na msikiti. Kwa walio mbali, na kwa wasio Waislamu, ni miezi mitatu ya kushinda ndani, na aliyeingia Novemba akitembea aweza kutoka Machi akiburuta mguu.

Kwa hiyo neno langu kwa vyama vya Waswahili, vya Wakongo na vya Wabarawa vilivyomo mashariki ya London, na kwa maimamu na wachungaji pia, ni hili: kabla ya Oktoba kwisha, wekeni siku moja ya juma na ukumbi mmoja, na kitabu cha majina, na mtu mwenye dhamana ya kuyaita, na ambaye jina lake halikuitikiwa, aende mtu akapige hodi kwake siku ile ile, si kesho. Wala wazee wasiitwe kuja kuhudumiwa. Aliyekuwa mshona kofia awafundishe vijana kushona kofia, aliyekuwa mwalimu awasomeshe wajukuu zetu lugha inayowaponyoka, aliyekuwa nahodha aeleze nyota, na aliyejua kupika apike akiwa amesimama, na binti yake amwache aoshe sufuria. Na ukumbi huo uwe umbali wa kutembea. Ambaye miguu yake ingali inamchukua asifuatwe mlangoni kwa gari, bali apelekewe kijana wa kumshika mkono penye barafu, na hapo katikati ya njia pawepo mahali pa kukaa.